UZI: HZJ75 iliyorefushwa inagonga "ko!" ikiondoka na kuvuma kuanzia 70. Kabla ya kushusha gia boksi tuanzie wapi?

#1 KijengeJuu
Wakuu salaam. Kuna Land Cruiser HZJ75 ya kubebea wageni, injini 1HZ, gia boksi H55F ya gia tano, chasisi imekatwa na kurefushwa hapa hapa Arusha. Spring za majani mbele na nyuma, tairi 7.50R16, habu za mbele za kufunga kwa mkono (ukifunga, magurudumu ya mbele yanashikana na ekseli).

Dalili ni mbili. Ukiachia klachi kuondoka inagonga "ko!" mara moja chini ya sakafu, na ukiwa mwendoni ukaachia mafuta halafu ukakanyaga tena inajibu "ko!" nyingine. Halafu kwenye lami ya Makuyuni ikifika 70 inaanza kuvuma, 80 sakafu inawasha nyayo, ikipita 90 inapungua kidogo. Kwenye vumbi huwezi kusikia kitu kwa sababu ya rasta (mawimbi ya barabara).

Gereji imeshatoa hukumu: gia boksi ishuke, beringi zote mpya. Je, kuna namna ya kujua ugonjwa uko gia boksi, transfa (boksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma), propela (shafti ya kwenda kwenye ekseli) au difu bila kushusha kitu?

#2 SpanaJuu
Naweka kiti hapa. Hukumu imetoka kabla ya mtu kuingia uvunguni, hiyo kesi ikatiwe rufaa.

#3 RastaYaNaabi
Kuvuma 80 ni balansi ya tairi tu. Funga vyuma vya balansi, kazi imeisha.

#4 BeringiNne
#3 hapana, hesabu inakataa. 7.50R16 ikizunguka mara moja inakwenda kama mita 2.5. Kwenye 80 gari inakula mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo tairi inazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Mtikisiko wa mara 9 unautambua: usukani unacheza, kiti kinarusharusha, karibu unaweza kuuhesabu. Huo si mvumo.

Difu ya hiyo gari mara nyingi ni ya uwiano 4.11. Zidisha: propela inazunguka mara 36 hadi 37 kwa sekunde, yaani karibu 2,200 kwa dakika. Hicho ndicho kinachowasha nyayo. Kwa hiyo tafuta kitu kinachozunguka kwa mwendo wa propela: shafti yenyewe, krosi zake (viungo vya msalaba vya ncha zake), pinioni ya difu (gia ndogo inayoingiza nguvu), au shafti ya kutokea ya transfa na gia boksi.

Jaribio la bure: fika 80 gia ya nne, sikiliza. Weka ya tano, 80 ile ile. Halafu kanyaga klachi, gari iteleze yenyewe kutoka 85 kushuka. Mvumo ukibaki pale pale kwa mwendo ule ule kwenye hali zote tatu, injini na klachi havihusiki. Ukisimama na kupandisha injini hadi 2,200 gia huru na hakuna mvumo, umethibitisha mara mbili.

#5 BomaHadiHimo
Naongezea kwa BeringiNne. Transfa ya hiyo gari ina N (huru) kati ya H4 (magurudumu manne, ya kasi) na L4 (manne, ya nguvu), itumieni. Simamisha gari, weka mawe matairi yote manne (ukiweka transfa N gia haishiki gari tena, hendibreki pekee usiiamini), transfa N, ingiza gia ya nne, achia klachi, pandisha injini hadi kama 2,200. Gia ya nne ya H55F ni moja kwa moja, kwa hiyo gia boksi inazunguka vile vile kama uko 80 barabarani, propela zimelala. Ikivuma hapo, gereji ina haki. Ikiwa kimya, waambie wasubiri. Spidi mita usiitazame, inaendeshwa na transfa upande wa kutokea, itasoma sifuri.

Ukiwa hapo hapo sikiliza na klachi. Mlio upo gia huru klachi ikiwa juu, ukikanyaga unapotea: beringi ya shafti ya kuingilia au za shafti ya chini. Mlio hakuna, ukikanyaga unatokea: rilizi beringi (ya kuachia klachi). Hiyo ya pili nayo inashusha gia boksi, ila hununui beringi zote.

#6 GiaYaPili
Mkuu #5 jaribio zuri lakini lina tundu. Beringi isiyo na mzigo haiimbi. Gia boksi inaweza kunyamaza kwenye N na kupiga kelele ikipanda Mto wa Mbu na wageni saba. Kimya cha N hakiachilii mtu huru.

#7 BomaHadiHimo
Kweli kwa beringi inayoanza kuchoka. Lakini inayowasha nyayo kwenye lami tambarare ingesikika hata N.

#8 MiaNaTisa
Mngekuwa na Land Rover msingekuwa na uzi huu.

#9 SpanaJuu
#8 kweli, mngekuwa bado mnafuta oili sakafuni.

#10 MiaNaTisa
Haya cheka. Ila Defender yenye gia boksi R380 na transfa LT230 ina ugonjwa unaofanana na huo "ko!": splaini (meno marefu) za shafti kuu ya gia boksi zinaliwa pale zinapoingia kwenye gia ya transfa. Gia za zamani hazikuwa na tundu la kupitisha oili, splaini zinakauka, unatoka unga mwekundu kama kutu. Unafungua mfuniko mdogo nyuma ya transfa unaona shafti bila kushusha chochote. Toyota za gia boksi za H mnazo habari hizo hizo, msijifanye.

#11 BeringiNne
Tunazo, ingawa zinazosemwa zaidi ni za Land Cruiser 80 zenye gia boksi H150F na H151F. Dalili ni kugonga tu, na kunazidi unapoachia na kukanyaga mafuta. Splaini iliyoliwa haivumi. Ndiyo maana nasema KijengeJuu ana magonjwa mawili, asiyatafutie dawa moja.

#12 KijengeJuu
Asanteni. Majibu: 80 gia ya nne, ya tano na klachi chini, mvumo ni ule ule. Transfa N na gia ya nne, kimya kabisa. Habu za mbele zilikuwa zimefungwa zote wakati wote (dereva hazifungui akitoka hifadhini), nikazifungua, mvumo ukapungua labda robo, haukuisha.

#13 RastaYaNaabi
Si ajabu. Habu zikiwa zimefungwa, ekseli, difu na propela ya mbele vyote vinazunguka hata ukiwa H2 (magurudumu mawili ya nyuma).

#14 GiaYaPili
Na mkumbuke ukifunga habu moja tu na nyingine ukaisahau, H4 yako ni mapambo. Difu ya mbele ni ya wazi, nguvu yote inakimbilia upande uliofunguliwa na gari haivutwi mbele hata kidogo. Kuna watu wanaivuta gari kwenye tope jeusi la Ndutu kumbe ilikuwa kidole kimoja tu cha habu.

#15 Kabari
Swali la msingi halijaulizwa: propela ya nyuma baada ya kurefusha chasisi ni kipande kimoja au viwili na senta beringi (ya kuishikilia katikati)?

#16 KijengeJuu
Kipande kimoja. Bomba limeungwa kwa kuchomelea.

#17 Kabari
Basi mnyama ndiye huyo. Shafti ndefu inajipinda kama kamba ya kuruka. Bomba la kipenyo kile kile ukilirefusha kwa moja ya tano, mwendo wake wa hatari unashuka hadi karibu asilimia 70 ya ule wa mwanzo, kwa sababu unapungua kwa mraba wa urefu. Dawa ni vipande viwili na senta beringi, au bomba nene zaidi kwa kipenyo.

#18 BeringiNne
Kanuni ni sahihi, ila hapa haikai. 2,200 kwa bomba la kipenyo kile bado ni mbali na mwendo wake wa hatari, hata likirefushwa. Na shafti iliyofika kwenye mwendo wa hatari haitulii ukiongeza 10, ingekuwa hivyo mngekuwa mmeshaiokota barabarani. Hii inapungua baada ya 90. Mimi naona bomba limechomelewa likakaa na mkunjo, au macho ya krosi (uma za ncha mbili za shafti) hayako mstari mmoja.

Lipimwe. Nyanyua ekseli ya nyuma kwenye stendi, gia huru, weka geji ya saa katikati ya bomba, zungusha kwa mkono. Mpindo usizidi milimita 0.8. Huna geji: funga waya kwenye chasisi, ncha yake iguse bomba kwa shida, zungusha, tazama mwanga unavyofunguka na kufunga. Halafu simama pembeni utazame uma wa mbele na uma wa nyuma wa shafti hiyo hiyo. Wa mbele ukiwa wima, wa nyuma nao uwe wima. Shafti ikivutwa ikatoka kwenye splaini zake na kurudishwa jino moja pembeni, krosi mbili zinagombana na gari inavuma maisha yote. Kabla ya kufungua chora mstari wa chaki au tindo toka bomba hadi uma, kazi ya sekunde 10.

#19 MamaSpea
Na huo mstari msiuchore kwa kalamu ya wino, ukipita dizeli umefutika, mnakuja dukani kuniuliza mimi jino lilikuwa lipi.

#20 Kabari
#18 nakubali nusu. Lakini pembe nayo ipimwe. Hizi zilizorefushwa huongezwa jani la spring ili zibebe mwili mpya, ekseli inajiviringisha, pua ya difu inatazama juu au chini. Flenji ya transfa na flenji ya difu zinatakiwa kuwa sambamba, tofauti isizidi kama digrii moja. Simu yenye programu ya pima maji inatosha: iegeshe kwenye uso wa flenji ya transfa, soma, kisha ya difu, soma. Gari iwe na mzigo wake wa kawaida, kwenye sakafu tambarare, si juu ya jeki. Ikiwa na tofauti, kabari za chuma kati ya spring na ekseli. Na uangalie yubolti, zikilegea ekseli inaruka ukiachia klachi na hiyo ndiyo "ko!" yako.

#21 GiaYaPili
"Ko!" moja tu wakati wa kuondoka, kwangu mimi ni splaini za kuteleza za propela zimekauka. Gari ikisimama spring zinarudi, shafti inatakiwa iteleze kidogo, inakwama, ukiachia klachi inaachia kwa mpigo. Tafuta nipo ya grisi pale kwenye mkono unaoteleza. Sukuma polepole, mara tatu hadi tano, mara tu unapoona shafti inaanza kurefuka ACHA. Ukijaza hadi ikasimama, gari ikidumbukia shimoni shafti haina pa kwenda, inasukuma beringi ya transfa au pinioni.

Krosi ni kinyume chake: sukuma hadi grisi mpya itoke vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kisipotoa, tikisa shafti huku unasukuma. Kikikataa kabisa, hicho kikombe kimekauka, krosi hiyo hesabu imekufa. Ukiona unga mwekundu kuzunguka kikombe, usihangaike hata kusukuma.

#22 SpanaJuu
Wanaorudi Natron wakumbuke, tope la magadi likikauka kwenye krosi linakula sili. Maji ya kawaida chini ya gari siku ile ile, halafu grisi.

#23 DifuYaNyuma
Mmezunguka kote mmeniacha nyumbani. KijengeJuu, kuna mtu amebadilisha oili sili ya pinioni ya difu ya nyuma miezi ya karibuni?

#24 KijengeJuu
Ndiyo! Ilikuwa inavuja, ikabadilishwa kabla ya msimu. Umejuaje?

#25 DifuYaNyuma
Kwa sababu ndiyo njia ya kawaida ya kuua difu nzima. Ile nati ya pinioni ndiyo inayoshikilia mkazo wa beringi za pinioni. Fundi anafungua bila kuweka alama, anabadilisha sili, anarudisha kwa spana ndefu na nguvu za ugali. Ikizidi, beringi zinachemka na kuimba. Ikipungua, pinioni inatembea mbele na nyuma, meno yanaimba.

Sikiliza hivi: mvumo ukiwa mkubwa unapokanyaga mafuta na ukabadilika sauti unapoachia, ni pinioni. Ukiwa uleule kanyaga au achia, lakini unabadilika ukiyumbisha gari kushoto kulia, ni beringi za magurudumu. Halafu ingia chini, fungua upande wa difu wa propela (nati nne), shika flenji kwa mikono miwili, isukume juu chini, vuta mbele nyuma. Isicheze hata unywele. Kisha izungushe taratibu, iwe na uzito mlaini usiobadilika. Ikiwa nyepesi kama gurudumu la baiskeli, mkazo umepotea.

#26 GiaYaPili
Na oili? Mwaga ikiwa ya moto, baada ya kilomita 10 au zaidi, uangalie sumaku ya nati ya kumwagia. Uji wa kijivu mlaini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole ni meno au beringi. Ya gia boksi ukiona chembe za rangi ya dhahabu, hizo ni sinkronaiza. Na jamani, fungueni nati ya KUJAZIA kwanza, ndipo ya kumwagia. Ya kujazia ikigoma ukiwa umeshamwaga, gari imelala hapo.

#27 BomaHadiHimo
Hapo hapo: pima transfa na gia boksi kwa pamoja. Kati yao kuna sili kwenye shafti, ikichoka oili inahama. Unafungua ya kujazia gia boksi oili inamwagika yenyewe, unafungua transfa unaingiza kidole hukuti kitu. Nje hakuna tone, kwa hiyo dereva anaapa haivuji. Kiwango sahihi ni usawa wa mdomo wa chini wa tundu, au pungufu ya hapo isiyozidi milimita 5.

#28 RastaYaNaabi
Gia boksi mnaweka oili ya GL-5? Inakula shaba ya sinkronaiza.

#29 BeringiNne
Kitabu cha H55F kinaruhusu GL-4 au GL-5, 75W-90. Difu ni GL-5 lazima.

#30 RastaYaNaabi
Kitabu kimeandikwa Japani, gia boksi iko Unga Limited. Mimi ni GL-4.

#31 MamaSpea
Anzisheni uzi wenu wa oili. Ule wa mwisho ulifika kurasa 14 na hakuna aliyebadilisha oili.

#32 BomaHadiHimo
KijengeJuu, kabla ya kutupiana difu na propela, fanya hili: vua propela ya nyuma nzima, funga habu zote mbili, weka H4, endesha kwa ekseli ya mbele tu. Transfa ya 75 haina difu ya kati, kwa hiyo inawezekana. Lami tambarare, gari tupu, ondoka taratibu, usikate kona kali ukiwa na mafuta, jointi za mbele zinabeba kila kitu.

#33 MiaNaTisa
Mwenye Defender asijaribu hivyo kabla ya kufunga difu ya kati. Bila kufunga utakaa hapo injini inalia na gari haisogei.

#34 KijengeJuu
Imefanyika asubuhi, kutoka Kisongo kwenda na kurudi.

Bila propela ya nyuma mvumo wa 80 umekufa, umebaki ule mdogo wa mbele. "Ko!" imepungua sana ila bado ipo, nyepesi, juu kidogo usawa wa transfa. Bomba la propela: mpindo milimita 1.1. Uma mbili ziko mstari mmoja. Pembe: transfa na difu zinatofautiana digrii 3. Flenji ya pinioni juu chini haichezi, mbele nyuma inacheza kidogo sana lakini inacheza. Ukiizungusha na matairi yamezuiwa, pembeni ya flenji inatembea milimita 9 kabla ya kushika.

#35 Kabari
Digrii 3! Nilisema.

#36 DifuYaNyuma
Mbele nyuma inacheza! Nilisema.

#37 BeringiNne
1.1 nayo nilisema, tugawane. Kuhusu zile milimita 9, msizitwike meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni peke yake. Pengo lao halali ni chini ya robo ya milimita. Kila uwazi ulioko kwenye ekseli, splaini za shafti za magurudumu na gia buibui, ukipanda hadi pinioni unazidishwa kwa 4.11. Kabla ya kushusha difu kagua mwisho wa ekseli pale gurudumuni: nati sita na washa zake za koni. Zikilegea flenji inatembea kwenye boliti, boliti zinakatika moja moja, na kila ukiachia klachi "ko!". Koni zikigoma kutoka usizichokonoe kwa bisibisi. Legeza nati hadi ziwe usawa wa ncha za boliti, gonga uso wa flenji kwa kipande cha shaba kuzunguka, zitaruka zenyewe. Ukirudisha, boliti na koni ziwe kavu kabisa bila oili.

#38 GiaYaPili
Na ile "ko!" nyepesi iliyobaki juu bila propela? Hiyo haiko nyuma. Ni splaini za gia ya transfa alizosema #10, au raba za maunti (vishikio vya gia boksi na transfa kwenye chasisi). Kagua maunti kwanza: mtu mmoja breki na gia ya kwanza, aachie klachi nusu, kisha rivasi, mwingine atazame transfa kwa tochi. Ikinyanyuka zaidi ya unene wa kidole, raba zimeachana na chuma.

#39 SpanaJuu
Kwa hiyo gereji ilikuwa na haki robo?

#40 DifuYaNyuma
Robo ya nane. Difu kwanza. Pinioni inayotembea ukiendelea nayo inakula krauni, na seti ya krauni na pinioni si bei ya krosi.

#41 Kabari
Ukitengeneza difu ukaacha digrii 3, sili mpya na beringi mpya zitakufa njia ile ile. Pembe kwanza.

#42 KijengeJuu
Fundi kerezo anasema anaweza kukata bomba na kulichomelea upya kwenye mashine, na kabari anazo. Difu nashusha nikishaona maunti na koni. Propela ikirudi kutoka kwa kerezo nafunga krosi mpya mbili hapo hapo. Saizi gani, wakuu?

#43 MamaSpea
Hakuna anayeweza kukujibu hapa. Gari imekatwa, uma zinaweza kuwa zimetoka kwenye gari nyingine kabisa. Toa krosi ya zamani, pima kwa venia kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe cha upande wa pili, tazama klipu zinakaa ndani au nje. Njoo na krosi yenyewe mkononi. Usije na picha.

#44 RastaYaNaabi
Na yule dereva aambiwe afungue habu akitoka getini.